Njia ya Pili ya Shimo la Mwisho

Kisa hiki nimeletewa na mtu ninayemwamini. Kisome hadi mwisho, kisha mpelekee yeyote unayemjua aliye njia panda.

Aminiel alikuwa mbunifu wa viwanja vya gofu. Alizaliwa na kukulia kwenye miteremko ya Mlima Meru, na siku alipopewa kazi ya kujenga uwanja wa mashindano ya ubingwa karibu na kwao, aliona nyota yake imeng'aa.

Mwenyekiti wa klabu, Bwana Mshanga, alimpa agizo moja tu.

"Nataka uwanja usioshindika. Wachezaji waje kwa mbwembwe, waondoke kimya."

Aminiel akaujenga. Akachimba mitego ya mchanga yenye kina, akapinda njia za nyasi kufuata makorongo, akaweka mashimo pale ambapo upepo wa mlimani hugeuka ghafla. Shimo la mwisho ndilo alilojivunia kuliko yote. Mbele ya mchezaji kulikuwa na bwawa pana, na ng'ambo yake nyasi fupi zenye bendera. Hapakuwa na pa kupita isipokuwa kurusha mpira juu ya maji. Ukivuka, umevuka, usipovuka, umezama.

Kabla uwanja haujafunguliwa, alimwalika shangazi yake aujaribu. Bi Eliaichi ndiye aliyemfundisha gofu, na enzi zake alikuwa bingwa wa wanawake. Sasa umri ulikuwa umemwibia nguvu za mabega, lakini moyo wake ulikuwa ule ule.

Mama yule alicheza siku nzima. Mchanga ulimmeza, akatoka. Upepo ulimpokonya mpira, akaufuata vichakani. Aminiel alipomsihi apumzike, alimjibu, "Sijaja kupumzika, mwanangu. Nimekuja kumaliza."

Kwenye shimo la mwisho akapiga. Mpira ukazama. Akapiga tena, ukazama. Akakaza mikono, akapiga tena na tena, mpaka mfuko wa mipira ukabaki mtupu. Aliegemea fimbo yake, akayatazama maji.

"Yale mashimo mengine yamenitesa," alisema, "lakini kila moja limeniuliza swali. Hili halikuniuliza kitu. Limenifukuza tu."

Maneno yale yalimchoma Aminiel. Alijitetea kwamba ubingwa si lelemama, lakini moyoni alijua ameambiwa kweli. Kesho yake akaenda kwa mwenyekiti.

"Naomba kuongeza njia ya pili kwenye shimo la mwisho. Itazunguka bwawa kwa kushoto. Ni ndefu, itamgharimu mchezaji pigo la ziada, lakini itamfikisha."

Bwana Mshanga aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Unataka kuwalegezea? Watauita uwanja wa watoto!"

"Siwalegezei, Mwenyekiti. Nataka wachague."

"Na wakiligeuza shimo hilo mteremko?"

"Basi futa jina langu kwenye uwanja huu, nami sitaishika tena kazi hii."

Mwenyekiti alimnyooshea kidole. "Haya. Neno lako nimelishika."

Wanakamati wa klabu walimnunia Aminiel. Mafundi walinong'ona kwamba amejichimbia kaburi. Yeye hakurudi nyuma. Alishinda juani akipima na kuchimbua. Akapanda nyasi, mvua ikazisomba, akapanda tena. Njia ilipokamilika, Bi Eliaichi aliizunguka taratibu, pigo baada ya pigo, mpaka akautumbukiza mpira shimoni. Alicheka hadi akafuta machozi.

Mashindano yakafika. Bwana Mshanga aliketi kando ya shimo la mwisho, akingoja kumwona mbunifu wake akiumbuka.

Kumbe mambo yalikuwa mengine. Mabingwa wale wale waliokuja kufanya mazoezi njia ya pili ikiwa bado inajengwa, wakalivuka bwawa bila shida, sasa walianza kusitasita. Mmoja alichomoa fimbo, akairudisha, akachomoa nyingine. Mwingine alielekea kushoto, akaona aibu, akageukia maji. Kijana aliyekuwa akiongoza alisimama muda mrefu, macho huku na huku, kisha akapiga kwa nusu moyo. Mpira ukaanguka majini, na ubingwa ukaenda nao.

Wachache waliovuka walikuwa wale waliofika, wakalenga, wakapiga. Aliyetwaa kombe hakuyatazama maji kabisa. Alipita kushoto kwa utulivu. Alipoulizwa, alisema, "Niliamua nikiwa bado njiani. Nilipofika hapa, kazi iliyobaki ilikuwa kupiga tu."

Shimo lile liliangusha wachezaji wengi kuliko jingine lolote uwanjani.

Bwana Mshanga alimfuata Aminiel, amechanganyikiwa. "Umewafungulia mlango. Mbona wameanguka hivi?"

"Mwanzo walikuwa wakipambana na maji, Mwenyekiti, na maji waliyazoea. Leo kila mmoja amelazimika kupambana na nafsi yake."

 Mwenyekiti akamshika Aminiel mkono, akampeleka mbele ya wanakamati wote, akasema, "Jina la mtu huyu lisiguswe."

Funzo: Penye njia moja mtu hupimwa nguvu, penye njia mbili hupimwa moyo. Ukishachagua yako, ishike kwa moyo wote, maana wengi hawaangushwi na ugumu wa njia, bali na kusitasita.