Mlima Ulimvika Nani Taji?

Sogeeni, sogeeni, na mwenye mdomo wa kuingilia hadithi za watu aufunge kwanza, zamu yake itafika. Leo nawapeleka juu. Kule kusini, kwenye milima inayolichungulia Ziwa Nyasa kwa mbali, walikuwako waongozaji watatu waliokuwa wakiwapandisha wageni vileleni kila mwisho wa juma, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Subilaga alikuwa na nyayo. Mwanamke huyu alizaliwa na wachungaji, naye aliijua milima kwa miguu kuliko wewe unavyoijua njia ya jikoni kwako. Lwitiko alikuwa na mdomo. Mtu wa makamo, mcheshi, mchokozi, angeweza kumchekesha mfiwa kabla matanga hayajaanuliwa. Na Andendekisye? Huyo alikuwa na subira. Aliweza kulitazama wingu asubuhi nzima asiseme neno, kisha akwambie litakwenda wapi, nalo likaenda.

Ijumaa moja jioni wakapata mgeni. Aliitwa Bi. Tusekile, fundi cherehani kutoka Mbeya mjini, mjane, magoti yamechoka lakini kichwa kigumu. Wanawe walimkataza safari ile. Weee! Nani aliwasikiliza?

"Marehemu mama yangu alipita kilele cha Ikelege akiwa msichana," aliwaambia wale watatu, wakiota moto. "Alisema alijiona mwenyewe juu ya mawingu, mkubwa ajabu, kichwani amevaa taji la rangi zote. Watu walimwita mwongo mpaka anaingia kaburini. Nataka nikaone kwa macho yangu."

Akakohoa kidogo, akaendelea. "Nimepata mjukuu juzi, na kwetu jina hutolewa na bibi. La mama yangu amekwisha kulichukua mjukuu wa kwanza. Basi nasema mbele yenu: atakayenifikisha nikaona alichokiona mama, mtoto huyu ataitwa jina lake."

Msicheke. Jina si kitu cha mchezo, na majina ya watu wa kule hayachagui mtoto wa kike wala wa kiume. Subilaga aliinua macho. Andendekisye alikohoa. Lakini Lwitiko, yule yule asiyeweza kukaa bila utani, aliuliza taratibu kama ahadi ile ni ya kweli. Yeye na mkewe hawakujaliwa mtoto, na kwao hakubaki mtu wa kulibeba jina lake.

Jumamosi wakatembea juu ya dunia. Ndiyo, juu ya dunia! Nyasi fupi, upepo, maua madogo yasiyojulikana mjini, na chini, mbali kabisa, mashamba ya watu yamekuwa viraka vya nguo. Bi. Tusekile alisimama kila mara akashika kifua. "Jamani, kumbe Mungu anakaa jirani," alisema. Wakapita kilele cha kwanza, wakapita cha pili, wakaingia kwenye mgongo mwembamba wa mlima wenye mabonde marefu kushoto na kulia. Hapo ukungu ukawafunika gubigubi. Mtu hakuuona mkono wake.

"Tusimame," alisema Lwitiko.

"Tukisimama baridi itatumaliza," alijibu Subilaga. Akavua viatu. Palikuwa na njia ya zamani ya ng'ombe pale, udongo wake umeshindiliwa na kwato ukawa mgumu, na pembeni nyasi ni laini. Macho hayakuweza kuiona, nyayo ziliweza. Akafungua kanga yake, wakaishika wote, akawaongoza hatua kwa hatua, akikanyaga mawe makali na umande wa barafu. Mara moja mguu wake ulikanyaga hewa tupu. Akaurudisha, akapumua, akaendelea. Walipofika kwenye pango la kulala, miguu yake ilikuwa inavuja damu, na Bi. Tusekile ndiye aliyeiosha na kuifunga.

Jumapili alfajiri kilibaki kilele cha Ikelege peke yake. Mteremko ule, ndugu zangu, unaupanda kwa magoti na unausali kwa mdomo. Karibu na juu Bi. Tusekile akaketi juu ya jiwe. Machozi yakamtoka. "Nimekwisha. Magoti yamekataa. Nirudisheni."

Subilaga akambembeleza, wapi! Andendekisye akampa chai, akaikataa. Lwitiko akaja akachuchumaa mbele yake. "Sawa, mama, tunakurudisha. Ila nitapita kwenye kaburi la mama yako nimpe taarifa. Nitamwambia: binti yako alikuja, akafika karibu, akakuamini nusu."

"Unasemaje wewe?"

"Nusu, mama. Nusu nyingine ameiacha kwenye jiwe alilokalia."

"Mwanaume huna adabu!" Bi. Tusekile aliruka akasimama. "Ulizaliwa au uliokotwa?" Lwitiko akatangulia mbio mbio, akimchokoza, akimwigiza anavyotembea, na yule mama nyuma yake anapanda, anatukana, anapanda. Alipomkaribia ili amchape kwa fimbo yake ya kutembelea, alitazama mbele akakuta mlima umekwisha.

Lakini kileleni hapakuwa na kitu. Weupe mtupu. Upepo unakata masikio. Wakangoja, meno yanagongana, jua likachomoza mahali fulani nao wasilione. Subilaga akasema washuke. Lwitiko akasema washuke. Hata Bi. Tusekile akajifunga kanga upya. "Basi. Nimefika, sikuona. Twendeni."

Andendekisye akaketi katikati ya njia. "Mama, nitukane kama ulivyomtukana Lwitiko, lakini huondoki. Wingu hili linashuka."

"Unataka nife hapa?"

Akavua koti lake, akamvika. Akabaki na shati, anatetemeka mpaka midomo ikawa ya kijivu, lakini pale njiani hakutoka. Mama wa watu alilia, akamwita katili. Yeye akawa anatazama tu. Mwishowe akainuka taratibu. "Sasa. Simameni hapa. Lipeni jua mgongo."

Wingu likazama. Lilishuka chini ya miguu yao likajaa bonde lote, na jua likawapiga mgongoni, na juu ya weupe ule vikasimama vivuli vinne virefu, vimevuka bonde hadi mlima wa pili. Na kwenye kichwa cha kivuli cha Bi. Tusekile palikuwa na duara la rangi, jekundu nje, samawati ndani, linang'aa, limetulia. Akainua mkono. Kivuli kikainua mkono, na taji halikuanguka.

Bi. Tusekile alitamani kupiga magoti na kuimba na kukimbia, vyote kwa pamoja, na hofu ilimshika na furaha ilimshika. "Mama," alinong'ona hatimaye. "Mama, hukusema uongo." Na wale watatu, waliopanda mlima ule miaka yote, walikuwa wamesimama vichwa wazi kama kanisani. Wakabaki hivyo mpaka wingu lilipopanda tena na kufuta kila kitu.

Walishuka mpaka kwenye chemchemi, na hapo ndipo maneno yakaanza.

"Kama si nyayo zangu," alisema Subilaga kwa upole, "leo tungekuwa tunaokotwa bondeni."

"Kama si mdomo wangu," alisema Lwitiko, "mama angekuwa bado amekaa kwenye jiwe."

"Na kama si ukaidi wangu," alisema Andendekisye, "mngefika, mkaondoka, msione kitu. Lakini tunagombea nini? Mlima umekwisha kuamua. Kila mtu ameona ulimvika nani taji."

"Ndiyo," walisema wote watatu kwa pamoja. "Mimi."

Wakatazamana.

"Wewe? Kivuli chako kilikuwa kitupu!" alisema Subilaga. "Taji lilikuwa kwangu. Nilinyamaza kwa adabu tu."

"Naapa kwa mama yangu mzazi, lilikuwa kwangu," alisema Andendekisye.

Lwitiko hakuapa. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Mimi niliona kwangu peke yangu," alisema. "Nikajua Mungu amekumbuka jina langu."

Bi. Tusekile aliketi akajishika kichwa. Aliwatazama mmoja mmoja, na hakuona mwongo hata mmoja. Yeye mwenyewe alikuwa ameviona vivuli vyao vitatu pembeni ya chake, na vyote vilikuwa vitupu; kumbe kila jicho liliona taji la mwenyewe tu.

Hapo simu yake ikapata mtandao, ikalia. Ni mwanawe. "Mama, umepona? Mshukuru Mungu! Sikiliza, ndugu wote wamekusanyika, mtoto anangoja jina. Jina moja tu mama, la pili hutolewa na upande wa mke wangu, hilo unalijua. Haya, tunakusikiliza."

Na ahadi ni deni, hata iwe imetolewa mlimani. Subilaga amesimama kwa miguu iliyofungwa vitambaa. Andendekisye bado anakohoa baridi ya kilele. Lwitiko ameinama anatazama maji. Bi. Tusekile ana simu sikioni, na upande wa pili kichanga kinalia. Ninyi mliokuwa mnataka kunikatiza tangu mwanzo, sasa semeni: mtoto yule, wewe ungemwita nani?