Muhuri wa Nta Nyekundu

Ndugu zangu, leo nawapeleka Italia, na nauli ni juu yangu. Ninyi mnaolima zabibu kule Hombolo mtanielewa upesi. Wengine mezeni mate taratibu, sijaja kutangaza pombe.

Kulikuwa na binti mmoja aliyerithi shamba la mizabibu la ukoo wake, kwenye vilima vya nchi hiyo. Shamba la enzi na enzi! Nyumba ya mawe, ghala refu chini ya ardhi, na humo mapipa makubwa ya mbao yamelala kimya kama watoto walioshiba. Na divai yao nyekundu, jamani! Ukiimimina tu, rangi yake inakufurahisha kabla hujaonja. Ukimeza, ladha yake haina haraka ya kuondoka. Watu walitoka mbali kwa ajili ya glasi moja.

Lakini ukoo ule ulikuwa na desturi. Divai ilipokomaa, mkuu wa nyumba aliionja mbele ya wote waliovuna. Akiridhika, kila chupa ilizibwa kwa nta nyekundu na kupigwa muhuri wenye jina la ukoo. Asiporidhika, iliuzwa kwa madumu, bila jina, ikanywewe vilabuni.

Sasa baba alikuwa amefariki, na hii ilikuwa divai ya kwanza ya binti yetu. Majirani walishanong'ona kwamba mwanamke hataliweza shamba lile. Na kama vile kumkomoa, mvua ilikuwa imenyesha wiki ya mavuno, zabibu zikajaa maji. Siku ya kuonja ikafika. Akainusa, akaionja, akaiweka glasi chini. Haikuwa mbaya. Ilikuwa ya kawaida tu, na hilo ndilo lililomuuma.

Baba yake mdogo akamvuta pembeni. "Mwanangu, piga muhuri. Wale wateja hawanywi divai, wanakunywa jina."

"Baba mdogo, nikiwauzia jina tupu leo, mwakani watakunywa nini?"

"Watu watasema umeshindwa!"

"Waache waseme."

Hebu niambieni, wangapi humu tungethubutu kusema "waache waseme"? Mbona kimya?

Akaurudisha muhuri kabatini. Divai yote ikaondoka kwa madumu, na kijiji kikasema kweli kweli. Kisha akaja mteja mmoja mzee, aliyeinywa divai ile tangu enzi za babu yake binti. Akaketi, akaomba ya mwaka ule. Binti akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Mwaka huu hatuna, mzee wangu. Iliyopatikana haikustahili jina la baba."

Mzee akavua kofia. "Binti yangu, siku zote nimejiuliza kama divai yenu ni nzuri kweli, au ni ulimi wangu tu uliozoea. Leo umenijibu. Ya mwakani niwekee, hata kabla hujaivuna."

Nampenda binti huyu, nasema wazi. Alikubali kuchekwa ili jina la baba yake lisidanganye mtu.

Mnatikisa vichwa, mmefurahi. Haya, sasa tusikilizane vizuri. Yule binti alionja kwanza, ndipo apige muhuri. Mungu wetu hakufanya hivyo. Siku ya ubatizo alitupiga muhuri wa jina la Mwanawe bila kutuonja, tukiwa bado wachachu, tumejaa maji. Hakutuuza kwa madumu! Hiyo ndiyo neema, ndugu zangu, na mimi kila nikiifikiria naona aibu na furaha kwa pamoja.

Lakini kama Yeye hakuonja, nani anaonja? Ni mkeo nyumbani. Ni mteja wako sokoni unapompimia mchele. Ni yule dada anayekufulia nguo. Wao wanaliona jina juu ya chupa, wanaamini, wanainua glasi.

Kesho ni Jumatatu. Watakunywa nini?