Nyasi za Makau

Mbacha ni mkeka uliochakaa. Umelaliwa, umekaliwa, umetoboka, na hakuna mgeni anayeusifu. Msala ni mkeka wa kusalia, safi na wa kupendeza, ila mwenyewe ni msafiri aliye njiani. Wahenga hawakusema kwamba msala ni mbaya. Walisema unapita, basi. Makau wa Mitaboni aliijua methali hii tangu shule ya msingi, akaiandikia hata insha ikasifiwa, na bado haikumfaa kitu.

Makau alifanya kazi Mavoko miaka mingi kabla ya kurudi kwa mama yake mjane, Kavindu. Nyuma ya nyumba palikuwa na tuta la fanya juu alilolichimba marehemu baba yake, udongo ukitupwa upande wa juu ili mvua isichukue shamba. Juu ya tuta zilimea nyasi za nepia. Hazikuwa na sura, zina vumbi na majani ya kukata mikono, lakini kiangazi kikibisha hodi ndizo zilizomlisha Mbula, ng'ombe wa Kavindu, na mamaye Mbula kabla yake. Maziwa ya ukoo huo ndiyo yaliyomsomesha Makau. Sasa Mbula alikuwa na mimba, na Kavindu, ambaye hakuwa na tegemeo jingine, alimngojea ndama huyo kama watu wanavyongojea mvua.

"Mwaitu," Makau alimwambia mama yake, maana ndivyo Mkamba anavyomwita mamaye, "hapa nyuma nataka kuweka uwanja wa nyasi bandia. Marafiki zangu wa Syokimau watakuwa wanakuja kucheza mpira kila Jumamosi. Boma itachangamka."

"Na Mbula atakula nini?"

"Nitakuwa namnunulia nyasi kavu. Hiyo niachie mimi."

"Nyasi ya kununua huja siku mwenye kununua akikumbuka," Kavindu akasema. "Hii ya tuta haingojei mtu akumbuke."

"Kwani nimewahi kukusahau, Mwaitu?"

Kavindu akaokota mundu, akaenda kumkatia Mbula nyasi. Mwana akishaota ndevu, mama huchagua maneno.

Mafundi wakaja kutoka Nairobi. Nepia ikang'olewa na mizizi yake, tuta likasawazishwa, changarawe ikamwagwa na kushindiliwa hadi ikawa ngumu kama sakafu. Kisha mabunda ya nyasi za plastiki yakakunjuliwa kama mikeka, yakaunganishwa kwa gundi, yakanyunyiziwa mchanga. Wavu ukazungushwa na lango la waya likatiwa. Lo! Pakawa na kijani ambacho Mitaboni haikupata kukiona mwezi wa Agosti. Majirani walikuja kupapasa. Mzee Ndolo alichomoa unyasi mmoja, akaunusa, akautupa.

"Hainuki kitu," akasema, akaenda zake.

Jumamosi za mwanzo zilifana. "Makau, hii kitu iko fiti sana!" alipiga kelele Kyalo, rafiki yake mkubwa. "Huku ndio kwetu sasa!" Wakacheza, wakala, wakaondoka. Kisha Kyalo akapata harusi, mwingine akaumwa na goti, mwingine akasema barabara ni ndefu. Makau akabaki kupiga penalti peke yake, golini hakuna mtu. Zile nyasi kavu nazo zilianza vizuri, zikachelewa, mwishowe zikawa "kesho, Mwaitu."

Mbula akakonda na mimba yake. Kavindu alimwokotea maganda na mabua, lakini kiangazi hakina huruma.

"Makau, hii ng'ombe iko na njaa."

"Jumatatu, Mwaitu. Jumatatu bila kukosa."

Jumapili Kavindu alikwenda kanisani. Makau alipiga penalti zake asubuhi, akaondoka kwenda mjini Machakos na kusahau kufunga lango la uwanja. Mbula akakata kamba. Hakwenda barabarani, wala hakwenda kwa jirani. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, mahali chakula chake kilipotoka tangu azaliwe, akakuta kijani tele. Nani angemwambia? Jua lilikuwa limebandua gundi ukingoni. Akang'ata papo hapo, akavuta.

Kavindu aliporudi alimkuta amesimama uwanjani, anatafuna. Kwanza alifurahi, kwani siku nyingi hakuwa amemwona akila namna ile. Kisha akaona anachokila.

"Aiii! Mbula wangu!"

Mutinda, daktari wa mifugo, alifika na kuhangaika naye siku mbili. Tumbo lilivimba, kucheua kukakoma, na Mbula akafa na ndama wake tumboni. Mutinda alipompasua alitoa bonge la nyuzi za plastiki, akaliweka juu ya nyasi za Makau. Rangi ilikuwa ileile.

Makau akalia waziwazi, mtu mzima yule. "Nisamehe, Mwaitu."

"Kusamehe nimesamehe," Kavindu akajibu. "Ndama ndiye sina."

Jioni Kyalo alipiga simu. Alisikiliza habari yote, akasema pole sana, kisha akauliza kama siku moja wangeweza kuja kucheza tena. Makau akakata simu.

Kabla mvua hazijaanza, Makau aling'oa uwanja wake, akashika jembe na kulichimba upya tuta la baba yake. Vipande vya nepia vya kupanda aliviomba kwa Ndolo. Vilichipua vyema, ila zizini hapakuwa na wa kulishwa.

Kavindu alikata kipande cha zile nyasi bandia, akakitandika mlangoni. Wenye matope hujipangusia miguu hapo. Kimekwisha kuchakaa na kutoboka katikati, na Makau hukiruka kila anapoingia ndani, hathubutu kukikanyaga. Usiache mbachao kwa msala upitao.