Bi Ngiri kwenye Mlango wa Mganga wa Meno

Paukwa!

Pakawa!

Watoto wako wapi?

Wako mbele.

Na wakubwa?

Wako nyuma, wanajifanya hawasikilizi.

Basi wasogee. Hadithi hii ni yao.

Hapo zamani za kale, katika nyika kavu, paliondokea Ngiri mmoja jike. Wanyama walimwita Bi Ngiri, maana alikuwa mtu mzima. Binti zake walikuwa wameolewa mbali. Dada yake alichukuliwa na simba mwaka wa ukame. Bi Ngiri alikaa peke yake, katika shimo ambalo muhanga alilichimba akaliacha.

Ngiri wana desturi yao. Jua likishuka, wanaingia shimoni kinyumenyume. Mkia kwanza, kisha tako, kisha mgongo, kichwa mwisho. Meno yanabaki mlangoni. Atakayekuja, akutane na meno. Bi Ngiri aliingia hivyo kila jioni, miaka na miaka, na hakukosea hata siku moja.

Kiangazi kimoja gego likamwuma. Gego la chini, la nyuma kabisa, upande wa kushoto. Dwi, dwi, dwi. Majani yalikuwa yamekwisha, imebaki mizizi, na mizizi ya kiangazi ni migumu. Akipiga magoti achimbe, dwi. Akiuma, dwi dwi. Akainuka na njaa yake.

Jirani yake Swala aliona mbavu zimetoka, akamwuliza kama anakula. Bi Ngiri akasema amekula, ameshiba. Na aliposema hivyo alikuwa ameligeuza pembeni shavu la kushoto, lisionekane lilivyovimba. Mvua ilikuwa bado mwezi mzima. Ngiri asiyekula hamalizi mwezi.

Mganga wa meno alikuwako. Ni Bibi Nungunungu, aliyekaa katika pango chini ya jabali. Alijing'oa mwiba mgongoni, mmoja kwa kila mgonjwa, akachokoa, akasafisha, na jino lisilofaa akaling'oa. Watoto waliletwa na mama zao. Wakubwa walikuja peke yao. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Ilikuwa tu aibu, mtu mzima kusindikizwa.

Bi Ngiri akaenda. Nje ya pango akamkuta Nyegere amekaa, miguu ameinyoosha. Nyegere huyu ndiye aliyemwuma simba puani. Ndiye anayekula nyoka kuanzia kichwani. Na asali aliyokula, usiseme, meno yake yote yalikuwa na madoa meusi.

Ndani ya pango kukasikika kr, kr, kr. Kisha mtoto akalia. Kisha kimya.

"Pita wewe, dada," Nyegere akasema. "Mimi sina haraka."

"Wewe ndiye uliyetangulia."

"Pita tu."

"Nawezaje kukuruka?"

Wakasukumiana heshima hadi jua likawa juu ya vichwa vyao. Na hapo, watoto wangu, jino likanyamaza. Sikilizeni. Kimya. Bi Ngiri akagusa kwa ulimi, halimwumi. Akajiambia limepona. Akamuaga Nyegere vizuri, akarudi kwake.

Jioni akaingia shimoni kinyumenyume. Alipokwisha kutulia tu, dwi, dwi, dwi.

Siku ya pili akaenda tena. Nyegere yuko palepale. Akamwambia tena apite. Safari hii Bi Ngiri akapita. Akafika mlangoni pa pango, na miguu yake ikafanya ilichozoea. Ikageuka. Mkia ukaingia, tako likaingia, mgongo ukaingia. Kichwa kikabaki nje, macho yanaangalia nyika.

Ndani Bibi Nungunungu akasogea karibu.

"Bi Ngiri," Bibi Nungunungu akasema, "huku niliko mimi naona mkia. Jino liko wapi?"

"Liko upande wa pili," akajibu Bi Ngiri.

Nyegere akacheka mpaka akashika mbavu. "Jino limeota mkiani! Bibi, ng'oa hilohilo!"

Bi Ngiri akachomoka, vuu! Mkia juu, umesimama wima. Akakimbia mpaka kwake, na siku tatu hakutoka. Alilala mdomo mlangoni, akiwatazama wengine wanapita wawiliwawili kwenda malishoni. Kati yao hakuna aliyejua lolote, maana hakumwambia yeyote.

Siku ya nne hakuweza kusimama mara moja. Goti lilikataa. Akajua kwamba akikaa siku nyingine mbili, hatafika popote. Akajikokota, akapumzika, akajikokota. Nyegere yuko palepale. Akafungua kinywa amtanie, akaona mbavu zile, akakifunga.

Bi Ngiri akafika mlangoni. Akataka kutanguliza kichwa. Miguu ikageuka. Akaingia kinyumenyume, akalia kimyakimya.

Bibi Nungunungu hakucheka. Akamwuliza, "Unaogopa nini hasa? Mwiba wangu?"

Hakuna aliyepata kumwuliza swali hilo. Bi Ngiri akajibu.

"Mwiba nauogopa. Lakini hilo si kubwa. Nilipokuwa mtoto niliingia shimoni kichwa mbele, mbio, bila kuwaza. Mama alikuwa nyuma yangu. Yeye ndiye aliyeingia mwisho, meno nje. Sasa nikitia kichwa ndani, bibi, mgongo wangu unabaki nje peke yake. Sina wa kuulinda."

Bibi Nungunungu akauweka mwiba chini.

"Nyegere," Bibi Nungunungu akaita. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Njoo ukae mlangoni. Mgongo ndani, meno nje."

Nyegere akaja, polepole. Akakaa. Akakohoa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Dada, nilicheka. Nisamehe. Mimi niko hapa tangu mwezi ulipoandama. Kila anayekuja namwambia apite. Sijaingia."

Bi Ngiri akatoka, akageuka. Akapitisha kichwa kando ya Nyegere. Kichwa kikaingia, mgongo ukaingia, na tako likagusa manyoya ya Nyegere, yenye joto.

Bibi Nungunungu akamwonyesha mwiba kwanza. Akamgusa nao mguuni, ajue ncha ilivyo. Akamwambia ainue mguu akitaka kupumzika, naye ataacha papo hapo. Kr, kr. Bi Ngiri akainua mguu. Mwiba ukaacha. Kr, kr, kr. Akainua tena. Ukaacha tena. Hofu haikuondoka. Ilikaa palepale tumboni, ila haikuwa imekaa naye peke yake. Mara ya tatu hakuinua. Ng'o! Gego likatoka, jeusi upande mmoja, na mzizi wake uliopinda.

Akatoka nje. Njaa ilimvuta kwenda kuchimba. Akapiga hatua tatu. Akageuka, akamwona Nyegere amesimama mbele ya mlango, anaangalia giza la ndani.

Bi Ngiri akarudi. Akakaa mlangoni, mgongo ndani, meno nje.

"Pita wewe, kaka," akamwambia. "Nimekaa."

Nyegere aliinua mguu mara kumi na moja. Bi Ngiri alizihesabu kwa masikio, kila kr ilipokatika, na hakumwambia mtu idadi hiyo mpaka leo.

Jioni akala mizizi, upande wa kulia, taratibu. Akarudi kwake peke yake, akaingia kinyumenyume kama siku zote, ulimi ukitembelea pengo. Shimo lilikuwa lilelile, na ukimya ulikuwa uleule. Lakini asubuhi alipotoka hakwenda malishoni moja kwa moja. Alipitia jabalini, kuona kama kuna mtu mzima amekaa nje anayesema hana haraka.

Basi funzo ni hili. Mtu mzima naye huogopa, na hofu yake ni nzito zaidi kwa sababu anaibeba akiwa peke yake. Anayeogopa aseme. Anayesikia asicheke, akae mlangoni.

Hadithi yangu nayo imeishia hapo mlangoni. Mwenye jino linalouma aingie, mimi nimekaa nje.