Pampu ya Wifi

Chawa ni mdudu mdogo, lakini wa kumponda kwa kidole kimoja bado hajazaliwa. Ndivyo ilivyo kwa kazi za binadamu: nguvu ya mmoja huitaka ya mwenzake.

Fundi mmoja wa kuchapa picha kwenye vikombe alipofariki dunia, mjane wake na dada yake waligombea mashine aliyoiacha kama fahali wawili zizini. Mwishowe dada mtu akaifungua pampu yake ya kuvuta hewa, akaondoka nayo.

"Jasho la kaka yangu siliachi lote hapa," alisema.

Mjane akabaki na sanduku la joto, akajipa moyo kwamba kinachochapa ni moto, si hewa. Kumbe alijidanganya. Enzi za mumewe, kikombe kilizungushiwa karatasi yenye picha na kufunikwa utando wa mpira. Pampu ilipovuta hewa yote, mpira uliganda kikombeni kama ngozi na mwili. Ndipo joto lilipogeuza wino kuwa mvuke na kuuzamisha kikombeni. Bila pampu, karatasi ililegea na picha zikatoka na mawimbi. Maharusi walikosa pua. Wateja wakaanza kupita mbali, na pampu kwa wifi ikawa ya kuzuia mlango usibamizwe na upepo.

Siku moja mama mkwe, ambaye macho yake yalikuwa yakififia, alileta picha ya marehemu.

"Nichapie kikombeni, mwanangu. Nataka nimwone kila asubuhi kabla giza halijanifika."

Mjane alijitahidi, lakini uso wa mumewe ulitoka umepinda, jicho moja limeyeyuka. Bibi kizee alikisogeza kikombe usoni, akakigeuzageuza.

"Basi macho yangu yameharibika kuliko nilivyodhani," akasema taratibu.

Maneno yale yalimchoma mjane kama msumari wa moto. Alikwenda moja kwa moja kwa wifi yake.

"Wifi, sikuja kugombana. Mama amemtazama mwanawe asimjue, akayalaumu macho yake."

Wifi aliigeukia pampu. Kisha akainama mlangoni. "Shika huku. Ni nzito."

Jioni ile mmoja alizungusha karatasi, mwingine akaangalia pampu. Kikombe kilipopoa, bibi kizee alikitazama kwa muda mrefu, kidole chake kikatua kidevuni pa picha.

"Kovu lake hili hapa," alisema, akatabasamu.

Pampu haikuondoka tena karakanani, wala wifi. Ama kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.