Kiboko Aliyejua Kiitikio Tu

Hapo zamani za kale, wanangu, bibi yangu hajaota hata jino la kwanza, palikuwa na nchi ya wanyama yenye bwawa moja tu. Mwenye kauli pale alikuwa Mzee Kiboko, tumbo mbele, akili nyuma. Kaeni vizuri, msinikatize.

Mwaka huo mvua iligoma, bwawa likaanza kujaa tope. Kiboko akaamuru wanyama wadogo walichimbe asubuhi hadi jioni. Lakini kunywa? Thubutu! Kifuu kimoja cha maji kwa siku, basi. Swala alipouliza kwa nini, alifukuzwa nyikani papo hapo, na tangu hapo hakuonekana.

Miongoni mwa wachimbaji alikuwemo Pimbi, mama yake Kidawa. Kwa umbo si lolote, ungemtia kapuni ukaenda naye sokoni. Ila kichwa chake, we! Nyumbani mwanawe alikuwa amelala hoi kwa kiu, midomo imempasuka. Hilo lilimuuma Pimbi kuliko malengelenge ya jembe.

"Leo nasema," akamwambia Kobe.

"Mama Kidawa, tulia! Unataka kumfuata Swala?"

"Basi sisemi. Nitaimba."

Sasa jueni kwamba katika nchi ile kuitikia wimbo ni kukubali. Harusi zilifungwa hivyo, ugomvi ulimalizwa hivyo. Mmoja anatoa ubeti, mwenziwe akiitikia, neno limepita, halirudi nyuma.

Na Pimbi alikuwa ameona jambo. Kiboko hakuweza kustahimili jua. Likimchoma mgongo, chubwi! anazama, na huko chini hasikii neno. Pumzi ikimwishia, mapovu yanatangulia, blubu-blubu-blubu, kisha puuu! kichwa hicho.

Kesho yake Pimbi akasubiri chubwi, akatoa ubeti:

"Tumechimba kutwa nzima, koo zetu zimekauka! Asiyeshika jembe ndiye anayeoga!"

Mapovu yalipotokea, wote wakaitikia kama alivyowafunza: "Bwawa letu, bwawa letu, tutalilinda daima!"

Puuu! Kiboko akaibuka, masikio yakamsimama.

"Loo! Wimbo mtamu huo! Wimbo wa wanaoipenda nchi! Nani kautunga?"

"Mimi, Bwana Mkubwa," akasema Pimbi, macho chini.

"Safi sana! Muuimbe kila siku!" Naye akanguruma, "Bwawa letuuu!" hadi vyura wakaruka. Kisha, chubwi!

Kobe alicheka mpaka gamba likamtikisika.

Ukaimbwa siku nyingi. Kiboko aliupenda hata akamwalika Tembo, mkubwa wa nchi ya jirani, aje na jamaa zake wausikie.

Siku ya sherehe, msiba! Kiboko akasimama ukingoni, mkavu, kifua mbele, tayari kusikiliza wimbo mwanzo hadi mwisho.

"Tumekwisha," Kobe akanong'ona. "Nyika inatungoja!"

Lakini Pimbi alitazama jua, akatabasamu.

"Bwana Mkubwa, kwanza niwashukuru wageni," akasema. Akashukuru! Akamshukuru Tembo, mke wa Tembo, mashemeji wa Tembo, na njia waliyopita. Mgongo wa Kiboko ukaanza kufuka.

"Endeleeni, nawasikia!" akafoka Kiboko. Chubwi!

Hapo Pimbi akapaza sauti kuliko siku zote: "Kifuu kimoja kwa siku, mtoto wangu hoi kitandani! Kuanzia leo mchimbaji anywe kwanza, na Swala arudi nyumbani!"

Blubu-blubu, puuu! "Bwawa letu, bwawa letu, tutalilinda daimaaa!" Kiboko aliwashinda wote kwa sauti.

Tembo alikuwa ameacha kupepea masikio.

"Mzee Kiboko, umeitikia wimbo huu?"

"Nimeitikia! Kila siku naitikia, na leo mbele yako naitikia tena!"

"Vyema sana. Nami ni shahidi. Wachimbaji, kunyweni kwanza. Swala aitwe."

"Ati nini? Nani kasema hayo?"

"Wewe," Tembo akajibu. "Pimbi katoa ubeti, wewe ukaukubali. Unataka kukana? Kana. Ila mkana kiitikio haitikiwi tena. Kesho ukiwaita wachimbaji, watakunyamazia, na tope litakufika shingoni."

Kiboko akatazama majembe, akatazama tope. Akazama taratibu, safari hii bila chubwi.

Pimbi hakungoja makofi. Alijaza mtungi pomoni, akakimbia nao nyumbani, maji yakimmwagikia mgongoni, na Kidawa akanywa hadi akacheua.

Hadithi yangu nimeimwaga hapo, mwenye kiu aikinge. Nanyi wanangu, shikeni hili: anayeitikia wimbo asiousikiliza hujihukumu kwa kinywa chake mwenyewe.