Vigoda Vitatu vya Jumbe

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu wenye njaa. Haya, sogezeni miguu, moto si wa mtu mmoja.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa wakiishi mji mmoja na kuazimana chumvi, palikuwa na Jumbe aliyechoshwa na maneno ya watu. Akachongesha vigoda vitatu, akaviweka barazani. Cha kwanza cha kushuhudia: ukikikalia, unasema ulichokiona kwa macho yako. Cha pili cha kusimulia: unasema ulichoambiwa na aliyeona, na unamtaja jina. Cha tatu cha kuhadithia: hapo sema upendavyo, ila hakuna atakayefungwa wala kufunguliwa kwa neno lako. Ukikalia kigoda kisicho chako, mafiga yako yanang'olewa na mji unauhama. Na hadithi ilikuwa na sharti lake: haisahihishwi. Anayeisahihisha ndiye shahidi.

Katika mji huo aliishi mjane mmoja, Mashavu binti Hamadi, ulimi kama wembe mpya. Miaka yote alikaa kigoda cha tatu. Viwili vile vingine hata vumbi hakuvipangusa.

Basi asubuhi moja Kanga alirudi bandani akakuta kiota kitupu. Mayai manne, hata ganda halikubaki. Mlinzi wa banda alikuwa Mbwa. Kenge akaenda barazani, akakaa kigoda cha kushuhudia, akasema amemwona Mbwa amelala mlangoni mwa banda, midomo imelowa. Wala hakusema uongo, maana Mbwa akilala hutokwa na udenda. Watu wakamalizia wenyewe lililobaki. Jumbe akampa Mbwa mpaka alasiri: apate wa kumtetea, au aende porini akaishi na mafisi.

Mbwa akakimbilia kwa Mashavu.

"Bibi, kaa kigoda cha kushuhudia. Sema uliniona nimelala, sijala kitu. Wewe unaaminiwa."

"Nilikuona?"

"Hukuniona."

"Kwa hiyo ning'olewe mafiga kwa ajili ya udenda wako."

Mbwa akainamisha masikio, akaenda zake. Lakini Mashavu hakutulia. Alikuwa mtu akiona chungu kimefunikwa, lazima afunue. Nani huyo anayekula mayai manne asiache ganda? Akajifunga kanga kiunoni, akaenda kuuliza.

Akamwuliza Chura, "Ulimwona?" Chura akasema, "Sikumwona, shoga. Nilisikia tu kitu kikimezwa, mara nne." Akamwuliza Njiwa, "Ulimwona?" Njiwa akasema hakumwona, yeye kaambiwa na Chura. Akamwuliza Kanga mwenyewe, "Ulimwona?" Kanga akasema alikuwa amekwenda kuoga vumbi. Mashavu akamwambia ndiyo maana watoto wake wanalelewa na kuku.

Akazunguka nyuma ya banda. Pale makuti yalikuwa yameoza, na pamesukumwa tundu la kupita mguu wa mbuzi. Mchangani palikuwa na mburuzo mrefu, kama wa mkia. Mashavu akautazama mburuzo ule, akautazama tena, akautazama mara ya tatu. Alijua. Lakini hakuona, wala hakuambiwa na aliyeona. Alikisia, na kukisia hakukuchongewa kigoda.

Alasiri watu wakajaa barazani. Mashavu akakipita kigoda cha kwanza. Akakipita cha pili. Akakaa cha tatu, kile kile chake. Mbwa akaziba macho kwa miguu ya mbele.

"Ninahadithia," akasema Mashavu.

Akahadithia habari za mwizi wa mayai, mpumbavu asiye na mfano. Mpumbavu yule, akasema, aliingilia mlangoni akamkanyaga mlinzi mkia. Watu wakacheka. Kenge akainua shingo. Mpumbavu yule alivunja mayai mawili kwa kutetemeka. Watu wakacheka zaidi, na shingo ya Kenge ikapanda. Mpumbavu yule alipomeza la tatu likamkwama kooni, mpaka mkewe akaja kumpiga mgongo kama mtoto aliyepaliwa na uji.

"Hakukwamwa," akasema Kenge. "Wala mlangoni hakupita. Aliingia kwa nyuma, penye makuti yaliyooza, na yote manne yalishuka mazima. Kama hujui kazi ya watu, Bi Mashavu, usiiharibu."

Watu wote wakamgeukia Kenge.

"Bwana Kenge," akauliza Jumbe taratibu, "umekaa kigoda gani?"

Kenge akajitazama chini. Alikuwa amekaa mchangani.

"Nilikuwa nachangia tu," akasema.

Wakaenda nyuma ya banda, wakaliona tundu. Wakampitisha Kenge, akaenea kama upanga alani. Jua halijatua, mafiga yake yalikwisha kung'olewa. Ndiyo maana hadi leo Kenge analala mashimoni, hana jiko, na mayai ya watu anayala mabichi.

Mbwa akamfuata Mashavu, mkia hautulii.

"Ahsante, bibi, kwa kunishuhudia."

"Mimi nimehadithia. Aliyekushuhudia ni Kenge. Nenda kafute udenda."

Hadithi yangu imeishia hapo. Na kama yuko kati yenu anayejua mayai yalikuwa mangapi hasa, namshauri asinisahihishe.